Nimekwea ukuta wa ndani kwa miezi minane: je, niko tayari kwa mwamba wa nje?

"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwanafunzi wa chuo, mwaka wa pili. Kwa miezi minane nimekuwa nikikwea kwenye ukuta wa ndani kwa kamba inayoning'inizwa kutoka juu, na sasa ninamaliza njia ambazo mwanzoni sikuweza hata kuzianza. Wenzangu watatu wanapanga twende kwenye mwamba wa nje mwishoni mwa muhula. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukwea nje. Mmoja amenunua kamba iliyokwisha kutumika kutoka kwa mtu asiyemfahamu, na mwingine ametazama video nyingi za namna ya kufunga nanga, yaani pale kamba inapotundikwa, juu ya mwamba. Mwalimu wa kulipwa tunaona hatummudu. Ninachohofia zaidi ni vidole vyangu kukosa nguvu nikaanguka. Je, nina nguvu za kutosha kwenda? Na kamba hiyo pamoja na video hizo zinatosha?"

Marahaba. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na kila mara nimerudi kwenye sentensi ile unayosema kwamba unahofia vidole vyako. Hofu hiyo humjia karibu kila mtu anaposimama chini ya mwamba kwa mara ya kwanza na kutazama juu, lakini imeelekea mahali ambapo hatari si kubwa. Mkweaji aliyefungwa vizuri kwenye kamba nzuri, anayeshikiwa kamba na mwenzake aliye makini, akichoka vidole na kuachia, limempata jambo ambalo vifaa vyote alivyovaa vilitengenezwa kwa ajili yake. Atashtuka, atabembea, pengine atachubuka goti, kisha ataanza tena. Ajali mbaya za wakweaji wapya aghalabu hutokea wakati ambapo hakuna kidole kinachovuta chochote: mkweaji amekwisha kufika juu, anafungua fundo moja ili afunge jingine, au anateremshwa huku akizungumza na wenzake. Kwa hiyo jibu langu ni kwamba nguvu unazo, ila msiende wanne peke yenu na kamba hiyo. Sababu zake zinahitaji maelezo marefu kidogo, na ningependa uyasome pamoja na hao wenzako.

Fikiri kwanza ni mambo mangapi ambayo ukuta wa ndani umekuwa ukikuamulia bila wewe kujua. Mtu mwingine alichagua mahali pa kutundika kamba na akakagua chuma kilichoibeba. Mtu mwingine alihakikisha kwamba kamba ni ndefu kuliko mara mbili ya urefu wa ukuta. Sakafu imewekwa magodoro, hakuna jiwe linaloweza kung'oka juu yako, mvua hainyeshi, na msimamizi hupita akitazama mafundo ya watu. Miezi minane uliyokaa pale imekufundisha kukwea, na imekufundisha vizuri, lakini haijakudai uamuzi hata mmoja kati ya hayo. Ukifika nje, maamuzi hayo yote yanawaangukia ninyi wanne kwa siku moja, na hayatangazi kwamba yamefika.

Chukua urefu wa kamba kama mfano, kwa kuwa ndio mtego unaonisumbua kuliko yote. Tuseme mna kamba ya mita 60 na njia ya kukwea ina urefu wa mita 32. Mkweaji anayepanda akiivuta kamba kutoka chini atafika juu bila shida yoyote, kwani amehitaji mita 32 tu, na kamba nyingine bado imelala miguuni pa mshika kamba. Akipitisha kamba kwenye pete za juu na kuomba ateremshwe, sasa kamba inapaswa kwenda juu na kurudi chini, yaani mita 64. Anateremka vizuri, kila mtu anamtazama yeye, na hakuna anayetazama mwisho wa kamba unaokaribia mkono wa mshika kamba. Mwisho huo ukipita kwenye kifaa cha kubania kamba kilicho kiunoni mwa mshika kamba, mkweaji anaanguka umbali uliobaki, na hapo hakuna nguvu za vidole zinazoweza kumsaidia. Kinachozuia ajali hiyo ni fundo moja kwenye mwisho wa kamba, au mshika kamba mwenyewe kujifunga kwenye mwisho huo. Ni kazi ya sekunde kumi. Ndani hukuifanya kamwe kwa sababu hapakuwa na haja, na ndiyo maana mwili wako hauna mazoea ya kuifanya.

Sasa kamba ya mwenzako. Watu wengi hudhani kwamba kamba ya kukwelea ni nzuri kwa sababu haikatiki. Uzuri wake mkubwa ni kwamba inavutika. Mtu anapoanguka, mwili wake umebeba nishati ambayo lazima iishie mahali fulani. Kamba isiyovutika ingemsimamisha kwa ghafla, na nguvu yote ingeingia kwenye uti wa mgongo wake, kwenye mshipi aliouvaa kiunoni na mapajani, na kwenye nanga. Kamba inayovutika humsimamisha polepole zaidi, ikiigawa nguvu hiyo katika muda mrefu kidogo. Ndiyo sababu viwango vya kimataifa huipima kamba ya kukwelea inayotumika peke yake kwa kuangusha uzito wa kilo 80 katika hali ngumu sana, na kudai kwamba katika anguko la kwanza nguvu isizidi kilonyutoni 12, kamba isirefuke zaidi ya asilimia 40, na istahimili maanguko yasiyopungua matano kabla ya kukatika. Kilonyutoni 12 ni takribani uzito wa kilo 1,200. Mwili wa binadamu hautakiwi kukaribia hapo, na kwa kawaida haukaribii.

Ziko pia kamba ambazo hazivutiki sana, zilizotengenezwa kwa ajili ya uokoaji, mapango na kazi za majengo marefu. Kwa macho zinaweza kufanana kabisa na kamba ya kukwelea. Kwa hiyo swali la kwanza kuhusu kamba mliyonunua ni aina yake, na jibu hupatikana kwenye alama iliyo mwishoni mwa kamba, kama haijakatwa wala kufutika. Swali la pili ni historia yake, na hilo halina jibu. Nailoni huharibiwa vibaya na asidi ya betri za gari, hata mvuke wake, na uharibifu huo unaweza usionekane wala kuhisika kwa mkono. Kamba iliyokaa kwenye buti ya gari la mtu msiyemjua imekaa karibu na nini, na kwa miaka mingapi? Watengenezaji wengi huweka kikomo cha miaka 10 kwa vifaa vya nyuzi hata kama havikutumika, na kamba inayotumika mara kwa mara hustaafu mapema zaidi. Sikuambii uitupe. Ikateni vipande, mfanyie mazoezi ya mafundo mezani, na vipande hivyo vitawafaa kwa miaka. Kumning'iniza mtu juu yake ni jambo ambalo mimi nisingelifanya, na kwa fedha chache mnazoweza kuchangishana, kamba mpya ndicho kifaa cha kwanza cha kununua.

Nikiwa bado kwenye kamba, niongeze jambo ambalo wengi hulielewa kinyume. Ukali wa anguko hautegemei urefu wake peke yake. Hutegemea urefu wa anguko ukigawanywa kwa urefu wa kamba iliyotoka kati ya mkweaji na anayemshikia. Mtu anayeanguka mita 4 huku mita 20 za kamba zikiwa zimetoka, uwiano wake ni 0.2, na kamba ina urefu wa kutosha wa kuvutika. Mtu anayeanguka mita hizo hizo 4 akiwa na mita 2 tu za kamba, yaani yuko juu ya mshika kamba aliyefungwa mwambani na anaanguka akimpita, uwiano wake ni 2, ambao ndio mkali kuliko wote katika ukweaji wa kawaida. Ndiyo maana anayetangulia na kamba huhitaji kuichomeka mapema kwenye bolti ya kwanza, yaani chuma kilichokazwa mwambani. Ninyi mtaanza na kamba ya kutoka juu, ambayo uwiano wake ni mdogo sana, lakini hata hapo kuvutika kuna namna yake ya kuwashangaza. Kwenye mwamba wa mita 20, kamba inayopanda na kushuka ni mita 40. Ikirefuka kwa asilimia 5 tu, hizo ni mita 2. Mkweaji aliyepanda mita moja na nusu akiteleza, anaweza kugusa ardhi yenye mawe ingawa kamba ilikuwa imembana. Mshika kamba mzuri huivuta kamba kwa nguvu katika hatua hizo za mwanzo, kisha huilegeza kidogo mkweaji akiisha kupaa.

Nanga ndiyo sehemu ambayo video huwadanganya watu kwa upole zaidi. Rafiki yako amejifunza kwamba kamba hutundikwa kwenye sehemu mbili imara, ili moja ikishindwa nyingine ibaki, na hilo ni sahihi. Lakini pembe kati ya miguu miwili ya nanga hubadilisha kila kitu. Miguu hiyo ikitengana kwa nyuzi 60, kila mmoja hubeba takribani asilimia 58 ya mzigo. Ikitengana kwa nyuzi 90, kila mmoja hubeba asilimia 71. Ikifika nyuzi 120, kila mmoja hubeba mzigo wote, asilimia 100, na faida ya kugawana imekwisha. Zaidi ya hapo, kila mguu unavutwa kwa nguvu kuliko uzito wenyewe. Karabina, ile pete ya chuma yenye mlango, nayo ina udhaifu wake: ikivutwa kwa urefu huku mlango wake umefungwa inapaswa kustahimili kilonyutoni 20, lakini ikivutwa kwa upana, au mlango ukiwa wazi, kiwango kinachodaiwa ni takribani kilonyutoni 7 tu. Hayo yote yanaweza kuelezwa kwenye video, na mengine huelezwa vizuri mno. Kile video isichoweza kukifanya ni kuitazama nanga yenu, kwenye mwamba ule, ikaona kwamba utepe umelala juu ya ukingo mkali au kwamba mlango wa karabina unasukumwa na jiwe.

Nadhani hapa ndipo penye kiini cha jibu langu. Katika michezo mingi kosa hujilipia papo hapo: ukipiga mpira vibaya unaona unakwenda upande, ukiogelea vibaya unameza maji. Kwenye kamba, kosa laweza kukaa kimya kwa mwaka mzima. Nanga iliyofungwa vibaya itabeba uzito wa watu wanaoteremshwa polepole mara 50, na kila mara aliyeifunga atazidi kuamini kwamba anajua. Mshika kamba anayeondoa mkono wa breki, yaani ule unaoibana kamba, kwa sekunde moja ili ajikune shingo hataona tofauti yoyote mpaka siku ambayo sekunde hiyo itakutana na mtelezo. Kwa hiyo uzoefu peke yake haumfundishi mtu, na huweza hata kumfundisha uongo. Kinachomfundisha ni jicho la mtu mwingine anayejua, aliyesimama karibu kiasi cha kumshika mkono na kumwambia "hapana, rudia."

Wala usidhani kwamba hayo ni ya wanaoanza peke yao. Mwaka 1989, huko Buoux nchini Ufaransa, Lynn Hill, aliyekuwa miongoni mwa wakweaji bora kabisa duniani, alianza kufunga fundo lake la kujifunga kwenye kamba na hakulimaliza. Alipanda njia iliyokuwa rahisi kwake mpaka juu, akaegemea kamba ili ateremshwe, na fundo likaachia. Alianguka zaidi ya mita 20, akapitia kwenye mti, na akapona. Nawasimulia wanafunzi wangu kisa hicho kwa sababu ya jambo moja: fundo lile lisilokamilika lilimfikisha juu bila dalili yoyote. Ndiyo maana kabla ya kila kupanda, hata kwa mara ya 20 siku hiyo, wawili hao hukaguana kwa kugusa: fundo la nane limekamilika na limepita mahali pote panapotakiwa kwenye mshipi, vifungo vya mshipi vimekazwa, kamba imeingia kwenye kifaa kwa upande ulio sahihi, karabina imefungwa kufuli, mwisho wa kamba una fundo. Kutazama tu hakutoshi, kwa kuwa jicho lililozoea huona kile linachotarajia kukiona.

Kuna pia mazungumzo ambayo lazima yafanyike ardhini. Mkweaji akifika juu, je, atateremshwa na mwenzake au atashuka mwenyewe kwa kamba? Ikiwa mshika kamba anadhani mwenzake atashuka mwenyewe, ataitoa kamba kwenye kifaa. Ikiwa mkweaji anadhani atateremshwa, ataegemea nyuma. Upepo ukivuma au mwamba ukiwa na tumbo, sauti ya juu hufika chini imekatikakatika. Kubalianeni kabla, kwa maneno machache yasiyofanana kwa sauti, na mtaje jina la mtu kila mara, kwa sababu huenda kundi jingine liko karibu na lina mtu anayepiga kelele zile zile.

Kuhusu vidole vyako, ambavyo sikuvisahau: misuli huimarika haraka kuliko kano na zile nyuzi ndogo zinazozizuia kano zisiachane na mfupa wa kidole. Mtu wa miezi minane mara nyingi ana mikono inayoweza kuvuta kuliko vidole vyake vinavyoweza kubeba, na kishikio chembamba kwenye mwamba halisi huipeleka nguvu yote kwenye kidole kimoja au viwili. Ukisikia mlio kama wa kamba ndogo inayokatika kwenye kidole, kisha maumivu upande wa kiganja na uvimbe, acha kukwea siku hiyo hiyo na umwone daktari. Usijipime kwa kujaribu kishikio kingine. Vilevile tarajia kwamba nje utaonekana dhaifu kuliko ndani. Hakuna rangi zinazokuonyesha pa kushika, miguu inapaswa kutafuta vinundu visivyoonekana vizuri, na akili yako itakuwa inatumia nusu ya nguvu zake kuogopa. Shuka ngazi mbili au tatu za ugumu kutoka unakozoea, na usione haya.

Mwamba wenyewe una tabia zake. Helmeti huvaliwa na anayepanda na anayeshika kamba, maana mawe huanguka kwa sababu ya upepo, mnyama, au mguu wa mtu aliye juu, na mshika kamba hapaswi kusimama moja kwa moja chini ya mwenzake. Jiwe la mchanga hupungua nguvu likilowa, hivyo baada ya mvua huachwa likauke hata kama uso wake unaonekana mkavu, la sivyo vishikio hung'oka na njia huharibika kwa wote watakaofuata. Bolti yenye kutu, inayozunguka ukiigusa au iliyochomoza, haiaminiwi, na karibu na bahari chuma huweza kuoza ndani bila kuonyesha nje.

Mnaweza kufanya nini basi, nanyi hamna fedha? Naona njia tatu. Ya kwanza ni mwalimu mmoja kwa siku moja, gharama ikigawanywa kwa watu wanne. Mmesema hamummudu, lakini sijui kama mliwahi kuigawanya hesabu hiyo, tena mkiilinganisha na fedha ambazo tayari zimekwenda kwenye kamba isiyofaa. Mwambieni wazi kwamba hamtaki kupelekwa kwenye njia ngumu. Mnataka siku nzima ya nanga, kuteremshana na kukaguana. Ya pili ni klabu ya wakweaji, ya chuo au ya nje ya chuo, ambako watu wenye ujuzi huwachukua wapya bila malipo. Hiyo ni njia nzuri sana na wengi wetu tulipitia humo, ila ujuzi wa watu hao haulingani. Muulize anayefunga nanga alijifunza wapi na kwa nani, kisha muombe akueleze kila kipande kinafanya nini. Mjuzi hufurahia swali hilo. Anayekasirika, au anayekujibu kwamba amekwea miaka mingi na hajawahi kupata ajali, usimkabidhi uhai wako. Sababu nimekwisha kuieleza.

Njia ya tatu ni kukwea majabali mafupi bila kamba, juu ya magodoro maalumu. Inavutia kwa kuwa haina nanga wala mafundo, na inafundisha miguu kazi nzuri. Lakini kila anguko huko huishia ardhini. Vifundo vya miguu na viwiko vya mikono huvunjika kwenye mwanya kati ya magodoro mawili, au mtu anapotua kwa kunyoosha mkono nyuma. Chagueni majabali ambayo mnaweza kushuka kwa miguu upande wa pili, kaeni chini ya kimo mnachoweza kuruka kwa hiari, na anayesimama chini ajue kwamba kazi yake ni kuelekeza kiuno na mabega ya mwenzake kwenye godoro, maana kumdaka mtu mzima hawezi.

Kuna mambo ambayo hata jibu refu kama hili haliwezi kuyafundisha, na kwayo lazima mtu awe mbele yako: nanga yako ya kwanza ambayo uhai wa mtu utaitegemea, mara ya kwanza kutangulia na kamba, na mara ya kwanza kushuka mwenyewe kwa kamba. Na mtu akianguka akagonga kichwa, akapoteza fahamu hata kwa muda mfupi, au akalalamika ganzi mikononi au miguuni, asisimamishwe wala kubebwa na marafiki. Msimsogeze isipokuwa mahali penyewe pana hatari, mtieni joto na muite waokoaji. Hiyo ina maana kwamba kabla ya kuondoka mnapaswa kujua namba ya kupiga, kama simu zinashika pale, na njia ya gari iliyo karibu.

Muhula haujaisha, kwa hiyo muda mnao. Wiki hii kateni ile kamba na muanze kufunga fundo la nane mpaka kila mmoja aweze kulifunga na kulikagua gizani. Wiki inayofuata tafuteni klabu au mwalimu. Siku ya safari ikifika kabla hamjampata mtu, nendeni hata hivyo, mkiwa na viatu vya kutembelea na bila kamba: mtembee chini ya mwamba, mhesabu bolti, mtazame wengine wanavyofunga nanga na kuteremshana, na muwaulize wanaoonekana watulivu kama wangependa kuwachukua siku nyingine.